Luhende Achagua Msumeno wa Injini

Bernadeta alikuwa anakata viazi vitamu vya kuanika viwe michembe. Mara gari dogo la mizigo likaingia uani kwake, pale Kisesa. Kuku wakatawanyika. Akashuka mwanamume asiyemfahamu.

"Hodi, mama! Naitwa Ogweno. Natoka Musoma, nauza mashine. Nimeuona ule mti wenu ulioanguka, nikasema hapa kuna kazi."

Mti wenyewe ulikuwa mgunga mkubwa. Upepo wa mvua uliuangusha nyuma ya nyumba. Luhende, mume wa Bernadeta, alikuwa akiukata kwa shoka mpaka viganja vyake vikatoka malengelenge. Harusi ya binti yao, Kija, ilikuwa karibu. Kuni za kupikia wageni zilihitajika.

Ogweno akateremsha misumeno miwili ya injini, ile ambayo watu huiita chenso. Mmoja ulikuwa mkubwa, mwingine mdogo.

"Siku hizi biashara imefunguliwa," alisema. "Zamani vitu hivi mliviona viwandani tu. Imetumika ng'ambo, lakini bado ina nguvu."

Luhende alikuwa mfugaji. Aliukagua ule mkubwa kama anavyokagua maksai mnadani. Akaunyanyua. Akaupigapiga ubavuni. Akataka kusikia sauti yake. Ogweno alipouwasha, ulinguruma mpaka mbwa akakimbilia ndani.

"Hili ndilo dume!" alisema Luhende. "Ule mwingine ni ndama. Nachukua huu."

"Taratibu, baba Kija," alisema Bernadeta. "Kitu kinachokata mgunga kitauacha mguu wako? Ngoja nimwite Shimba."

Shimba alikuwa jirani yao. Alifanya kazi miaka mingi kwenye kiwanda cha mbao mjini Mwanza, mpaka wafanyakazi walipopunguzwa. Alikuja anacheka.

"Nasikia kuna dume linauzwa. Lina pembe?"

"Cheka tu," alisema Luhende. "Mti mkubwa unataka mashine kubwa."

"Unapasua mbao za kuuza, au unakata kuni za nyumbani?"

"Kuni."

"Basi bamba refu hivi la nini?" Shimba alionyesha chuma kirefu kinachozungukwa na mnyororo wenye meno. "Mashine nzito inachosha mikono. Mikono ikichoka, msumeno unakwenda unakotaka wenyewe. Sasa tuangalie breki."

Akauweka msumeno mkubwa chini, akaukanyaga mpini wa nyuma kwa kiatu chake kigumu, akauwasha. Mnyororo ukazunguka kwa kasi. Akaisukuma mbele kinga iliyo mbele ya mkono, ambayo ndiyo breki. Mnyororo haukusimama. Ukaendelea kuzunguka.

Akafanya vilevile kwa ule mdogo. Mara moja mnyororo ukasimama.

Bernadeta aliitazama miguu ya mumewe. Luhende alikuwa amevaa kandambili.

"Ncha ya bamba ikigusa gogo, msumeno unaruka na kukurudia usoni," alisema Shimba. "Hapo breki ndiyo inayokuokoa."

Ogweno alishika kichwa. "Jamani, mimi ni mchuuzi, si fundi. Huu mkubwa siuzi mpaka utengenezwe."

"Nipe ndama," alisema Luhende polepole. Wote wakacheka.

Shimba akamweleza mengine. Avae buti, suruali nzito na miwani ya kukinga macho. Asikate kitu kilicho juu ya mabega. Watoto wakae mbali.

"Na usiuwashe bila Shimba kuwa karibu, mpaka aseme umeshajua," alisema Bernadeta. "Niahidi."

"Nakuahidi, mama Kija."

Kwa siku chache walikata vizuri. Lakini kabla gogo halijaisha, Shimba aliitwa msibani Misungwi. Asubuhi, siku moja kabla ya harusi, mawingu meusi yalitanda upande wa ziwa. Shimba alikuwa hajarudi.

Vijana wa jirani walikuja kusaidia. "Mzee, mashine hiyo ni ya kupambia nyumba?" walimtania. "Washa, mvua inakuja!"

Luhende aliugusa mpini. Kazi yenyewe ilikuwa ndogo tu. Kisha akaurudisha msumeno ndani, akachukua shoka. Mvua ikamkuta hajamaliza robo. Ikalilowesha gogo lote.

Shimba alifika jioni, amelowa. Akamkuta Luhende amekaa barazani, buti miguuni, msumeno mkavu magotini.

"Ulikuwa unanisubiri?"

"Nilimwahidi mama Kija."

Wakakata kuni zilizobaki, zikiwa zimelowa. Siku ya harusi, moshi ulijaa uani. Wapishi walikohoa na kunung'unika. Chakula kilichelewa mpaka wageni wakaanza kuulizana.

"Kuni gani hizi, mama Kija?" aliuliza mpishi mmoja.

Bernadeta alijifuta machozi ya moshi, akacheka. Ngoma ilikuwa imeanza. Katikati ya uwanja Luhende alikuwa akimchezea ngoma binti yake, akikanyaga ardhi kwa nguvu, kwa miguu yake yote miwili.

"Ni kuni nzuri," alisema Bernadeta. "Nzuri kabisa."