Nondo za Kijivu

Saa nne asubuhi.

Chumba cha nyuma cha duka la kunyolea kilinuka spiriti na nywele mbichi. Kinyozi alikuwa anachora ramani kwa povu la kunyolea juu ya kioo. Akimaliza, angefuta kwa taulo. Karatasi hakuziamini kabisa.

"Huu ukuta wa kiwanda. Hili lango la malori. Hapa stoo. Saa saba kengele inalia, mafundi wanakwenda kula. Anabaki mlinzi mmoja, na yule anaipenda redio kuliko kazi."

Walikuwa wanne. Kinyozi mwenyewe, mkubwa wa genge. Bubu, dereva, ambaye kusema alijua sana, ila alikuwa bahili wa maneno. Ngazi, mwanamume mrefu aliyepewa jina hilo kwa urefu wake na kwa mapenzi yake na kuta za watu. Wa nne ni dada yake Ngazi, mwanamke waliyemwita Sonara.

Sonara hakuwa mwizi. Alikuwa mtengeneza hereni. Aliyemleta hapa ni Ngazi. Sonara ndiye aliyemlea mdogo wake huyo tangu mama yao alipofariki, akamlisha, akamtoa rumande mara mbili, na sasa alijua kwamba Ngazi akienda kwenye kazi hii bila mtu wa kumtazama, atarudi amefunikwa shuka.

"Waeleze mali," Kinyozi alisema.

Sonara aliweka hereni mezani. Ilikuwa buluu, yenye mng'ao.

"Hii ni niobi, aina ya madini. Haijapakwa rangi. Yenyewe ni kijivu, laini kidogo. Ukiilowesha maji ya magadi ukaipitishia umeme, inajivika utando mwembamba, na utando ndio unaoleta rangi. Umeme kidogo, buluu. Ukiongeza, dhahabu. Haipati kutu, haiwashi sikio."

"Kwa hiyo tunakwenda kuiba hereni," Ngazi alisema.

"Viwanda vinaitaka kuliko masikio, mdogo wangu. Wanatia chembe tu kwenye chuma cha mabomba, bomba linakuwa gumu mara dufu. Wanaitia kwenye roketi, moto hauiwezi. Tatizo ni kwamba kule stoo niobi nayo iko katika nondo, na wameichanganya rafu moja na nondo za chuma. Kijivu kwa kijivu, uzito karibu sawa. Bila kupima, utatoka na nondo za kujengea choo."

Kinyozi alikuwa anawatazama mmoja mmoja kupitia kioo.

"Kuna mtu amemnong'oneza mnunuzi wangu," alisema taratibu. "Amemwahidi mali hii hii, kwa bei ya chini, mlango wa nyuma. Mtu huyo yuko humu. Leo simtafuti, leo nawahitaji nyote. Ila kikipungua kitu, aliyekichukua namzika."

Sonara alimtazama Bubu. Bubu alikuwa anachokonoa kucha kwa ufunguo wa gari. Wapole hawa ndio wabaya, Sonara aliwaza, na moyo ukamtulia kidogo kwa kuwa amepata wa kumshuku.

Saa saba na robo.

Ngazi alipanda ukuta, akashuka, lango likafunguka kwa ndani. Mlinzi alifungwa kamba kitini, redio ikaachwa iendelee kusema. Bubu alirudisha gari kinyumenyume hadi mlango wa stoo.

Sonara alipiga magoti mbele ya rafu. Kitambaa kibichi, betri tatu ndogo zilizofungwa pamoja, waya mbili. Aligusa nondo ya kwanza. Kimya. Ya pili, buluu ilitambaa kama wino kwenye pamba. Ya tatu, kimya.

Kinyozi alipiga mluzi kutoka langoni. Msimamizi alikuwa anarudi mapema, yuko ng'ambo ya barabara.

"Pakia zote!"

"Zimechanganyika!"

"Nimesema zote."

Walizibeba mafungu kwa mafungu, jasho likiwaingia machoni, huku Kinyozi akizihesabu zikipita. Kisha yeye akapanda pikipiki, akatangulia. Sonara alikaa mbele na Bubu. Ngazi alijifungia nyuma na mali.

Kwenye daraja dogo la mfereji Bubu alisimamisha gari kubadilisha namba, kama walivyoagizwa. Yeye alishughulikia ya mbele. Ya nyuma ilikuwa ya Ngazi. Sonara alisikia vyuma vikigongana huko nyuma, akadhani ni ile namba inagoma kutoka.

Saa nane na nusu.

Ghala lilikuwa la magunia, siku hizi tupu. Nondo zilipangwa sakafuni. Kinyozi alihesabu, akarudia. Kisha akatoa bastola, akamwelekezea Bubu.

"Karibu nusu hazipo. Nani alisimamisha gari?"

"Wewe ndiye uliyesema darajani."

"Nilisema ubadilishe namba. Sikusema ugawe mali."

"Sijagusa kitu, mkubwa." Hakuwa amesema maneno mengi hivyo siku ile yote.

"Ngoja kwanza," Sonara alisema. "Nipime hizi."

Alimimina maji ya magadi kwenye beseni, akaanza. Buluu. Buluu. Akachukua za pembeni. Buluu tena. Alipima hadi ya mwisho, nayo ikawa buluu.

Walikuwa wamebeba rafu iliyochanganyika. Sasa chuma chote kimeondoka, niobi yote imebaki. Bahati haichambui hivyo. Kuna mtu amechambua, tena nyuma ya gari, bila maji wala betri. Kinachoweza kuchambua vyuma upesi namna hiyo ni sumaku. Chuma hushika, niobi haishiki.

Na ni mtu mmoja tu aliyewahi kumuuliza hospitali wanaitakia nini niobi. Alimjibu nyumbani, huku akimpakulia chakula: waya wake ukipoozwa kupita barafu hupitisha umeme bila kupoteza chochote, ndiyo maana wanautumia kutengenezea sumaku kubwa za mashine zile za kupigia picha mwili. Ngazi alitikisa kichwa kama aliyeelewa. Kumbe alielewa kwamba madini ya sumaku lazima yashike sumaku. Amewaibia wenzake takataka, amewaachia utajiri.

Sonara aliweka waya chini.

"Hakuna kilichoibwa, mkubwa. Zilizokosekana ni chuma. Nilimwambia Ngazi azitupe njiani, gari lilikuwa linaelemewa. Mali yote hii hapa."

"Ulizijuaje?"

"Nilizipima stoo."

"Zote?"

"Mkono wangu mwepesi. Ndiyo maana ulinichukua."

Kinyozi aliitazama ile buluu sakafuni. Bastola ikashuka kidogo. Bubu akavuta pumzi kama mtu aliyeibuka majini.

Ndipo Ngazi akacheka.

"Dada, hata mimi unanizunguka?"

"Nyamaza, mdogo wangu."

"Unataka tuamini hizi ndizo, halafu ukazifuate zile peke yako. Hizi uchafu mtupu. Hata sumaku hazishiki."

Kinyozi alimgeukia Ngazi.

"Sumaku gani?" Kinyozi aliuliza kwa upole.

Mkono wa Ngazi ulikimbilia mfukoni wenyewe. Hapo hata mtoto angeelewa.

Sonara alilinyanyua beseni akammwagia Kinyozi usoni. "Kimbia!" Risasi ilitoboa bati la paa. Bubu alikuwa mlangoni, na angeweza kumkamata Ngazi kwa mkono mmoja. Alisogea pembeni akampisha.

Nje, barabara kuu ilikuwa kushoto, yenye magari na watu wengi wa kumficha mtu.

"Kushoto!" Sonara alipaza sauti. "Nenda kwenye watu!"

Ngazi aligeuka akamtazama. Hakuwa na hofu machoni. Alikuwa anajiuliza kwa nini dada yake anataka aende kushoto. Kisha akakata kulia, kuelekea darajani, kwenye chuma chake.

Kinyozi alitoka akijifuta kwa mkono wa shati, macho mekundu, machozi yanamtiririka. Alimshika Sonara bega.

"Amekwenda wapi?"

"Kushoto," Sonara alisema.

Kinyozi alimkazia macho kwa muda. Kisha akamwachia bega, akashika njia ya kulia.

Sonara alimkimbilia nyuma, akiliita jina ambalo mama yao alimpa mwanawe, lile ambalo hakuna mtu wa mtaani aliyelijua. Alikuwa hajaufikia mfereji aliposikia mlio wa bastola.