Spika ya Kushoto

"Nimeamua, Edina. Usinibembeleze."

"Umeamua nini?"

"Kuuza shamba la kahawa la Namswea. Lote. Mnunuzi anakuja Jumamosi na mashahidi wake. Jumatatu naenda Dar kuchukua spika mpya."

Edina alikuwa ameshika chai ya mumewe. Akaiweka mezani kabla haijamwagika.

"Shamba la marehemu baba yako, Baba Vitalia? Kwa ajili ya spika?"

"Bila spika hakuna studio."

Studio yenyewe ni chumba cha nyuma cha nyumba yao, hapo Mbinga mjini. Usikidharau. Kwaya za parokia kuanzia milimani mpaka Kingerikiti zinarekodi hapo, kwa sababu ya masikio ya Romanus. Huyu bwana watu arobaini wakiimba, mmoja akiteleza, anamnyooshea kidole bila kugeuka.

Spika ni mbili, kila moja ina amplifaya yake ndani, walizinunua mwaka waliofunga ndoa. Padre alizibariki, na Edina akaziandika mgongoni. Ya kushoto "Mama", ya kulia "Baba". Romanus akapima kwa kamba, akabandika alama za gundi mezani, na tangu siku hiyo spika hazisogezwi. Ukizisogeza utamkoma.

"Mama anaumwa," Romanus akasema, akipiga kichwa cha spika ya kushoto. "Sauti nyembamba zote upande wake zimekufa. Kwaya inaimba utadhani imefunikwa blanketi."

"Mpeleke tena kwa Dastan."

"Mara ya tatu? Mara ya kwanza kabadilisha kapasita. Ya pili kabadilisha sijui nini. Narudi nayo, yale yale! Imezeeka. Kitu kikizeeka kinabadilishwa."

"Na mimi nikizeeka?"

"Edina, sitanii."

"Wala mimi. Tengeneza, usinunue. Nakuomba."

"Kwa nini unaing'ang'ania hii spika? Hizi ndizo masikio yangu!"

Edina alikuwa amekaa kwenye kigoda chake, kushoto kwa mumewe, anapokaa siku zote akisikiliza. Akasema kitu kwa sauti ya chini. Romanus hakujibu, akaendelea kuhangaika na nyaya. Basi mwanamke akainuka, akaenda uani kugeuza kahawa iliyoanikwa, na kwa haraka zake akaacha simu mezani.

Simu ikatetemeka. Ujumbe wa Dastan, fundi wa Mbamba Bay:

"Dada, shemeji kanipigia tena analalamika spika bado mbovu. Hii siri yetu itatuua. Mwambie mwenyewe, mimi nimechoka kudanganya."

Sasa wewe msomaji, ungeuelewaje ujumbe huo?

Romanus aliusoma mara tatu. Hakupiga kelele. Alimfunga Mama ndani ya kitenge cha Edina, akapanda pikipiki ya kukodi nyuma ya dereva, spika mapajani, wakashuka kona zote mpaka ziwani. Njia nzima alikuwa anafikiria atampiga Dastan kwa mkono upi.

Kibanda cha Dastan kiko nyuma ya soko la samaki, kinanuka usipa na risasi ya kuunganishia nyaya.

"Shikamoo, shemeji."

"Sikuja kuamkiwa. Una nini na mke wangu?"

"Mimi?"

"Siri gani mnayo? Nimeusoma ujumbe wako, Dastan. Leo utanieleza au mtanizika hapa hapa."

Dastan alikaa chini. Akajifuta uso kwa kitambaa cha kufutia mafuta.

"Shemeji, ingekuwa hivyo unavyofikiri, ingekuwa afadhali."

"Usinichezee."

"Lete hiyo spika."

Akaiunganisha na umeme, akachomeka simu yake. "Huu ni ule wimbo wenu wa Pasaka, anaouanzisha dada Edina. Sogea karibu. Ziba sikio la kulia."

"La nini?"

"Ziba, shemeji. Nakuomba."

Romanus akaziba. Ngoma zikaingia. Sauti ya nne ikaingia, wale wazee wa besi, nzito na ya mbali. Akangoja.

"Edina anaanza lini?"

Dastan akaongeza sauti ya spika.

"Nimekuuliza, Edina anaanza lini?"

"Ameanza zamani, shemeji. Yuko ubeti wa pili."

Romanus akatoa mkono. Sauti ya mkewe ikamjia upande wa kulia, safi, ile ile iliyomfanya aoe. Akaziba tena. Edina akatoweka. Akafungua, akarudi. Alifanya hivyo mpaka wimbo ukaisha, mzee mzima, machozi yanamtiririka mbele ya wauza samaki.

"Spika ni nzima," Dastan akasema polepole. "Nimeifungua mara mbili, sijabadilisha hata skrubu. Dada aliniomba nikwambie nimetengeneza. Nisamehe."

Romanus akapiga simu nyumbani. Edina alipokea mlio wa kwanza.

"Uko wapi? Nimekutafuta nyumba nzima!"

"Niko kwa Dastan. Tangu lini, Edina?"

Upande wa pili mlango ukafungwa.

"Nauliza, tangu lini unajua kwamba ni sikio?"

"Wiki moja kabla ya Pasaka." Alikuwa tayari analia. "Nilisafisha studio ukiwa Namswea. Nikazishusha spika, kuzirudisha nikazikosea. Baba nikamweka kushoto, Mama kulia. Ukaja, ukakaa, ukasema Mama bado anaumwa. Mume wangu, ulikuwa unamlaumu Baba."

"Ukazirudisha kimya kimya."

"Nikazirudisha. Nikaenda kulia chooni."

"Na nyimbo? Mwenyekiti Benadetha alinipigia kunipongeza kwa niaba ya kwaya nzima. Nilichanganyaje sauti na sikio moja?"

"Baba Vitalia, njoo nyumbani tuongee."

"Nilichanganyaje, Edina?"

"Ukishamaliza, ukitoka, nilikuwa narekebisha. Upande wa kushoto ulikuwa unaupandisha mno, unachoma. Nilikuwa naushusha."

"Nyimbo ngapi?"

"Zote. Tangu Pasaka."

Hapo ndipo palipomuuma. Sikio ni mwili, mwili unaugua. Lakini miezi mitatu mtu anaamka, anakalia kiti chake, anaambiwa hongera, kumbe kazi inafanywa na mwingine akishatoka! Romanus alijiona bure kabisa.

"Ungeniambia tu."

"Ulisema mwenyewe, siku ile ya mazoezi, mbele ya kwaya nzima. Ulisema ukipoteza masikio tukuzike. Mimi ningesemaje?"

Romanus akakata simu.

Alhamisi walikuwa Songea kwa daktari wa masikio. Walikaa benchi moja, katikati yao mkoba wa Edina. Daktari alipima, akapima tena, akavua miwani.

"Lilianza lini?"

Romanus akamtazama mkewe. "Mwulize yeye."

"Kabla ya Pasaka," Edina akasema.

"Mbona mmechelewa hivi? Wiki zile za kwanza kuna dawa tungejaribu. Mengine yanarudi, mengine hayarudi, lakini tungejaribu. Sasa siwadanganyi. La kushoto limekwenda. Tulitunze la kulia."

Edina alishika ukingo wa meza. Hakuwa amejua hilo. Alidhani anaficha msiba uliokwisha kutokea, kumbe mgonjwa alikuwa bado anapumua.

Nje, kwenye ngazi, ndipo Romanus alipomsemesha mkewe kwa mara ya kwanza siku hiyo.

"Wahenga walisema sikio la kufa halisikii dawa. Langu halikupewa hata hiyo dawa likatae lenyewe."

"Sikujua, mume wangu. Haki ya Mungu sikujua."

"Najua hukujua. Ungeniambia, tungejua wote."

Jumamosi mnunuzi alifika na mashahidi wawili, viatu vimejaa udongo wa Namswea. Romanus aliwapokea mlangoni, hakuwakaribisha ndani.

"Shamba haliuzwi. Nilidhani nina spika mbovu. Mnisamehe kwa usumbufu."

"Sasa mzee, si ulisema lazima zinunuliwe mpya?"

"Ni nzima zote mbili. Zitanizika."

Akarudi studio, akakaa. Mama alisharudishwa kwenye alama zake. Romanus akachukua waya mrefu wa maikrofoni, akaanza kuuviringisha mkononi, taratibu, kazi ya mtu asiye na kazi. Kwaya ya Kingerikiti ilikuwa imetuma ujumbe asubuhi: "Tumsifu Yesu Kristu. Mwalimu, wimbo wetu wa mtakatifu somo wa parokia utakuwa tayari lini?" Hakuwa amewajibu.

Edina akaingia. Akakaa kwenye kigoda chake, kushoto.

"Nisamehe," akasema kwa sauti ya chini.

Romanus akaendelea kuviringisha waya.

"Nisamehe, Baba Vitalia. Nilikupenda vibaya."

Hata hakugeuka. Edina akainamisha kichwa. Kwa hiyo ndiyo basi, akawaza. Miaka kumi na minne, na jibu hata la kumtukana hakuna. Alilia bila sauti, akafuta pua kwa kitenge, akainua macho kumtazama mumewe kwa mara ya mwisho kabla hajaenda kufunga nguo zake arudi kwao.

Alichokiona ni sikio. Sikio la kushoto.

Miezi mitatu anajua, ameficha, amefunga safari mpaka hospitali, na bado mwili wake ulikwenda kukaa upande uliozoea.

Akainuka. Akazunguka nyuma ya kiti, akapita kati ya mumewe na spika ya Baba, akapiga magoti upande wake wa kulia.

"Nisamehe, Baba Vitalia. Nilikuogopea, nikakupotezea sikio."

Waya ukasimama.

"Umesema mara ngapi?"

"Hii ya tatu."

"Nimesikia hii moja tu."

Edina akauficha uso kwenye goti lake. Romanus hakumshika, wala hakumsukuma. Nje kahawa ilikuwa inasubiri kugeuzwa, na hakuna aliyekwenda.

"Kusamehe sijui, Edina. Nikisema nimesamehe nitakuwa nakudanganya, na tumedanganyana vya kutosha humu ndani."

"Sawa."

"Sauti ya mwanangu upande ule sitaisikia tena. Yako pia."

"Najua."

Akanyoosha mkono, akawasha spika. Akaufungua wimbo wa Kingerikiti, halafu akainuka kwenye kile kiti ambacho hajawahi kumpa mtu.

"Kaa. Safari hii rekebisha nikiwepo."

"Na wewe?"

Romanus akakivuta kigoda cha mkewe, pale pale kushoto. Akakaa, na sikio lake zima, la kulia, likamwelekea mkewe.