Kibaraza cha Langoni

Haya yalimpata rafiki yangu Nermin, wa kule Iznik, mji wa Uturuki ulio kando ya ziwa, na mpaka leo huyasimulia. Yalikuwa majira ya baridi, na alikuwa amemzika mumewe, Rıfat, muda si mrefu. Alasiri moja alitoka kwenda kununua mkate.

"Dada Nermin, bado unachukua miwili?" muuza mkate alimuuliza kwa upole.

"Mkono ndio uliozoea, kaka. Nifungie tu."

Akarudi kwa kupitia lango la kale la mji, la mawe, lililojengwa na Warumi. Ukungu wa ziwani ulikuwa umetanda, na chini ya tao kulikuwa na giza zito. Maji yalidondoka kutoka juu, to, to, to. Kati ya matone hayo akasikia mtu akiinuka taratibu kwenye kibaraza cha ukutani, akishusha pumzi ndefu kama mwenye magoti mabovu. Pumzi ile aliifahamu. Alikuwa ameamka nayo ubavuni kwa miaka mingi.

"Rıfat?" akaita. "Baridi yote hii, unafanya nini huku nje, mume wangu?"

Hakusikia hatua za mtu akiondoka. Akapapasa ukuta mpaka akakifikia kibaraza. Mawe yalikuwa na baridi ya kuuma vidole, isipokuwa sehemu moja tu, upana wa kuketi mtu mmoja. Hapo palikuwa na joto.

Nermin akaketi hapo, akatandaza koti lake pande zote ili joto lile lisitoke. Likapoa chini yake, polepole, huku akilia.