Nyumbani Anakotaka Kurudi Mama

Kila asubuhi Clotilda na binti yake Kezia walianika ndagala, wale samaki wadogo kama dagaa, kando ya ziwa, kijijini Gatete. Siku moja Clotilda alichukua ndagala zilizokwisha kukauka, akazitia majini na kuzisugua kama nguo. Kezia alipomuuliza, alijibu kwamba zilikuwa na jasho.

Mambo yalianza pole pole. Chumvi mara mbili kwenye maharage. Jina la jirani kumpotea. Sasa kila jioni alijifunga kitenge begani na kusema, "Twende nyumbani." Kezia alimjibu kila mara kwamba nyumbani ni hapa, kambi ya wakimbizi ya Tanzania walishatoka zamani. Hapo mama alilia, akashika barabara, na Kezia akamkimbilia.

Josias, kaka yake Kezia, alisema ni pepo. Jumamosi angempeleka mama kwenye chumba cha maombi, akafunge siku tatu bila chakula wala maji. Kezia aliogopa. Mama alikuwa amebaki mifupa.

Akamwendea jirani yao Anastasie, mhudumu wa afya wa mtaa. Anastasie alimsikiliza mpaka mwisho. Akaeleza kwamba huo ni ugonjwa wa ubongo, unawapata wazee wengine. Si pepo, si uchawi. Njaa na kiu vitamuumiza tu. Apelekwe kwanza kituo cha afya, wapime kama kuna ugonjwa mwingine unaomchanganya. Dawa ya kuuponya haipo, lakini kuna namna ya kuishi nao.

"Na akisema twende nyumbani?"

"Usimubishie. Muulize huko nyumbani kuko nini."

Kezia aliishia darasa la sita, lakini alipenda kuchora. Jioni ile alikaa na mama, kaye, daftari lake la kuchorea, na biki mkononi. Mama alieleza, yeye akachora, kisanduku baada ya kisanduku. Nyumba ya udongo kambini. Mlango wa bati. Mkeka. Juu ya mkeka, mtoto.

"Huyu nani, mama?"

"Josias wangu. Iko na homa. Nimemuacha peke yake, na wewe unanikataza kurudi."

Ijumaa Josias alikuja kuulizia nguo za mama za safari. Kezia hakubishana. Alimpa kaye. Josias alicheka kidogo, akasema mlango ule aliupiga mateke sana utotoni. Alipofika kwenye mkeka, Kezia alimwambia kwamba mtoto huyo mwenye homa ni yeye, na mama anataka kurudi kumuuguza.

Mama akatoka, kitenge begani. Josias alichuchumaa mbele yake.

"Mama, yule mutoto amepona. Alikunywa uji."

Clotilda alimtazama sana. "Ulimuona?"

"Nilimuona."

"Murakoze, baba," alimshukuru, kama anayemshukuru mgeni. Akafungua kitenge, akakitandika, akakaa.

Jumatatu walimpeleka kituo cha afya, wote wawili.

Siku hizi Kezia amechora kazi za siku ukutani kwa makaa: kunawa, uji, ndagala, kulala. Mama huzifuata kwa kidole. Ndagala kavu zinawekwa juu, asikofika. Na jioni, kitenge kikifungwa, Josias hupitia hapo akitoka kazini, akaleta habari za yule mtoto.