Vidole vya Mzee Zedekiah

Jumamosi asubuhi Winny alikuwa na kazi zake: kuosha vyombo, kupiga deki na kuteka maji kwenye mfereji wa pamoja, mahali ambapo akina mama wa mtaa wa Kaloleni jijini Nairobi hujua habari kabla hazijatokea. Kazi hizo alizifanya shingo upande. Kazi aliyoipenda ilikuwa moja tu, nayo ni kuipangusa mashine ya gitaa ya babake.

Babake, Okinyi, alikuwa fundi katika karakana ya reli siku za kazi, na mpiga gitaa siku za Jumamosi na Jumapili. Mashine ile aliletewa na nduguye aliyerudi kutoka Qatar. Ilikuwa bapa na nzito, kubwa kidogo kuliko Biblia ya mchungaji, yenye kioo kidogo juu na vibonyezo vinne vya kukanyaga kwa mguu. Wanamuziki huiita prosesa. Ukichomeka gitaa hapo unajichagulia sauti: ya amplifaya kuukuu inayokwaruza, ya kanisa kubwa lenye mwangwi, au ya gitaa la nyuzi kumi na mbili. Tena ilirekodi. Ukikanyaga kibonyezo cha mwisho ilishika ulichopiga, ikakihifadhi, kisha ikakirudia na kukirudia mpaka uizime.

Okinyi aliiogopa kidogo. Alizoea amplifaya moja na waya mmoja, na yale maandishi madogo kwenye kioo yalimtia kizunguzungu. Winny, aliyekuwa Gredi ya Nane, aliielewa wiki ile ile ilipoletwa. Akakipatia kila kibao cha babake sauti yake, na kwenye harusi ndiye aliyekaa karibu na mashine akibonyeza. Watu walimsifu sana. Sifa zikamwingia kichwani, na huko hazikutoka upesi.

Sasa, benga, ule muziki wa Wajaluo aliopiga Okinyi, haipigwi na gitaa moja. Kuna gitaa la solo linaloimba sambamba na mwimbaji, na kuna la pili, wenyewe huliita seken, linalomjibu solo na kuushikilia wimbo usianguke. Okinyi alipiga solo. Seken ilikuwa ya Mzee Zedekiah, jirani wa nyumba iliyotazamana na yao, aliyestaafu kazi ya baraza la jiji. Walikuwa wamepiga pamoja tangu Okinyi akiwa kijana. Mzee Zedekiah hakuwa na mbwembwe. Aliweza kupiga kitu kile kile wimbo mzima bila kupepesa macho, lakini ukimwondoa, wimbo wote uliyumba. Ndiye aliyemfundisha Winny kupiga gitaa, bila malipo, mlangoni pake.

Mwaka huo mkewe, Mama Jacklyne, aliugua figo. Mzee akawa mtu wa kumpeleka hospitali na kumrudisha, na mara nyingine alichelewa kufika kwenye muziki. Siku moja walipokuwa na harusi mtaani Bahati, alifika bibi harusi akiwa ameshaingia ukumbini. Watu walimcheka Okinyi aliyekuwa akihangaika peke yake na solo isiyo na wa kuijibu. Okinyi aliyameza. Winny hakuyameza. Alimkasirikia mzee kana kwamba ugonjwa huo aliupanga kwa makusudi.

Wiki iliyofuata alivuka njia akiwa amebeba mashine, akamwomba mzee ampigie seken ya nyimbo zote ili airekodi, afanyie mazoezi nyumbani. Mzee alifurahi mno. Mwanafunzi mwenye bidii ni heshima kwa mwalimu. Vidole vilimuuma siku hizo, lakini alikaa mchana kutwa, na kila alipokosea kidogo alimwambia Winny afute waanze upya. Mama Jacklyne aliwatumia chai kutoka ndani. Winny akaondoka na kazi yote ya mzee ndani ya mashine.

Nyumba mbili zinazotazamana hazipigiani simu. Neno likiwepo, hutumwa mtoto. Ndivyo Okinyi na Zedekiah walivyozoea, na hakuna aliyewahi kuwaza kwamba kulikuwa na hatari. Basi Ijumaa moja jioni Okinyi alimtuma Winny akamwambie mzee kwamba kesho yake kulikuwa na harusi Shauri Moyo. Winny alienda hadi mlangoni. Akasikia Mama Jacklyne akikohoa, akasimama. Aliwaza vile watu walivyocheka kule Bahati, akawaza jinsi mashine ilivyo tayari. Hakubisha hodi. Akageuka, akarudi kwao.

"Anasema hawezi kumwacha Mama Jacklyne," alimwambia babake. "Amesema msimngoje mpaka apone."

 Kisha Winny akamweleza kwamba seken yote imo ndani ya mashine. Babake hakupenda. Alisema mtu hawezi kufungiwa ndani ya kisanduku. Lakini harusi ilikuwa kesho, na mpigaji mwingine asingepatikana. Wakaenda na kisanduku.

Mambo yakaenda vizuri, na hilo ndilo baya. Mashine haikuchelewa wala haikuchoka. Wageni walicheza hadi viatu vikavuliwa, na hakuna aliyeuliza mpigaji wa pili yuko wapi. Jumamosi iliyofuata wakaenda hivyo hivyo, na nyingine pia. Kila Okinyi alipouliza, Winny alijibu kwamba mzee bado anasema wasimngoje. Uongo wa kwanza ulimtoa jasho. Uliofuata ulitoka wenyewe.

Msomaji atauliza, wanaume wawili majirani washindwe kuambiana jambo dogo hivyo? Ndiyo, wanaweza, hasa wakiwa na heshima nyingi. Okinyi alikwenda kumjulia hali mgonjwa, wakaongea habari za hospitali. Gitaa halikutajwa. Okinyi hakutaka kumsumbua mtu mwenye mgonjwa, na Zedekiah hakutaka kuomba kazi kwa mtu aliyekuwa ndugu. Wakaagana, kila mmoja akimwona mwenzake amebadilika.

Aliyegutuka alikuwa Kamene, rafiki yake Winny wa nyumba ya tatu. Walikutana mferejini.

"Niaje Winny. Mbona siku hizi hamwendi na Mzee Zedi?"

"Ako na mgonjwa."

"Zii. Mi humwona kila Jumamosi ameketi kwa mlango, amevaa ile koti yake ya kuchezea. Anawangoja ama?"

Winny alimwambia aachane na mambo ya wazee. Akajitwika mtungi wake, ukamwagika njia nzima hadi nyumbani.

Mama Jacklyne alifariki mwezi wa Agosti.

Jumamosi kabla ya mwili kusafirishwa kwenda Siaya, watu walikusanyika alasiri katika ukumbi wa mtaa kuchangia safari na kumkumbuka marehemu. Okinyi ndiye aliyeombwa kupiga muziki. Kwa kuwa mzee mwenyewe alikuwa mfiwa, hakuna aliyeshangaa kuiona mashine mbele. Winny aliketi kando yake kama kawaida.

Katika mikutano kama hiyo Wajaluo wana desturi yao ya kumsifu mtu katikati ya wimbo, nayo huitwa pakruok. Mwenye neno husimama na kuinua mkono. Hapo solo hunyamaza. Seken hainyamazi. Inashuka chini kabisa, inapiga polepole chini ya maneno ya msemaji, ili asiachwe peke yake. Akimaliza, solo hupanda tena na watu hushangilia. Mzee Zedekiah ndiye aliyejulikana Kaloleni yote kwa kazi hiyo. Wangapi alikuwa amewabeba waseme ya moyoni, hata yeye hakujua.

Wimbo ulikuwa umepamba moto. Mzee, aliyekuwa ameinama kwenye kiti cha mbele karibu na bintiye Jacklyne, aliinua kichwa. Alisikiliza. Akaitazama mikono yake iliyokuwa imelala magotini, kisha akaitazama mashine. Halafu akasimama, akainua mkono.

Okinyi akazishika nyuzi papo hapo. Solo ikanyamaza. Mashine haikunyamaza, maana haikumwona aliyesimama. Iliendelea na seken ile ya kuchezea, kwa kasi na kwa sauti kubwa. Winny alikanyaga kibonyezo mara moja. Kukanyaga mara moja kulikuwa kuiambia irekodi zaidi, na kuizima kulitaka kukanyaga mara mbili. Alijua hilo vizuri, lakini kwa haraka aliyokuwa nayo alisahau, na muziki uliendelea. Mzee alikuwa ameanza kusema. Watu waliiona midomo yake ikienda. Waliona amelitaja jina la mkewe, kwa jinsi alivyofumba macho. Hawakusikia neno hata moja, kwa sababu vidole vyake mwenyewe vilikuwa vikimfunika.

Winny alipouchomoa waya wa umeme, mzee alikuwa ameshaketi.

Kweyu, aliyekuwa akiongoza mkutano, alimsihi asimame tena arudie. Mzee alitikisa kichwa.

"Nimeshasema," alijibu.

Mkutano ulipokwisha Okinyi alimfuata nje, akamwomba radhi kwa ajili ya mashine. Mzee alimgeukia.

"Okinyi, kama hukunitaka tena ungekuja uniambie. Lakini unifukuze mimi, halafu ubaki na vidole vyangu?"

"Jaduong'," Okinyi alisema, akimwita kwa jina la heshima wanalopewa wazee, "si wewe uliyenitumia neno kwa huyu mtoto, kwamba tusikungoje?"

Wote wawili wakamgeukia Winny. Mjumbe hauawi, husema Waswahili, lakini waliosema hivyo walimfikiria mjumbe aliyefikisha ujumbe. Winny alitamani ardhi ipasuke. Alijua angeweza kusema uongo mwingine hapo hapo, na ulimjia mpaka ulimini. Akautazama uso wa mzee, akashindwa.

"Sikufikisha neno, Babu," alisema. "Nilifika mlangoni nikarudi. Baba alinituma kila wiki. Hukukataa. Hukuambiwa."

Babake hakumpiga wala hakumfokea. Alikaa kwenye ukingo wa barabara akiwa na suti yake ya matanga, akajishika kichwa. Winny angependelea kichapo. Jacklyne alikuja, akamshika babake mkono, wakaondoka.

Mazishi yakafanyika, wafiwa wakarejea Nairobi. Jioni ya kwanza Okinyi alivuka njia mwenyewe, na wanaume hao wawili wakakaa ndani hadi chai ikapoa mara mbili. Siku iliyofuata alimwagiza Winny aipeleke mashine kwa mzee na afute mbele yake kila alichokichukua. Hakumsindikiza. Alisema njia anaijua.

Safari hii Winny alibisha hodi. Alipiga magoti, akaomba msamaha, na machozi yake yalikuwa ya kweli. Kisha akaiwasha mashine, akafuta wimbo mmoja baada ya mwingine, mzee akitazama kile kioo kidogo. Kilipobaki kitupu, mzee aliliendea gitaa lake, akalichomeka, akaomba atafutiwe ile sauti ya amplifaya kuukuu. Alipiga kidogo. Alikubali kwamba ilikuwa sauti nzuri, karibu sawa na ile aliyokuwa nayo ujanani. Alisema mashine haina kosa, ila isitumwe kazi ya mtu bila mwenyewe kujua. Akaongeza kwamba Jumamosi ijayo atatoka na Okinyi kama zamani.

Winny alishusha pumzi. Aliona mambo yamekwisha, hata akatabasamu, akainuka kukusanya nyaya.

"Keti kwanza," mzee alisema.

Winny akaketi.

"Kila Jumamosi Mama Jacklyne alikuwa akiniuliza, 'Baba Jacklyne, leo pia hawajakuita?' Namwambia labda hawana kazi. Lakini kitanda chake kilitazama mlango wenu. Aliwaona mkibeba vyombo. Jumamosi yake ya mwisho hakuniuliza tena. Aliniambia, 'Usihuzunike. Hata marafiki huchoka.' Na alikuwa akimpenda baba yako kama ndugu yake wa damu."

Winny aliinamisha kichwa. Nje watoto walikuwa wakicheza mpira, na mtu alikuwa akiita mwenye maziwa.

"Tunapowakataza uongo," mzee aliendelea, "mnadhani tunaogopa mtaharibikiwa shuleni, au mtapata fimbo. Fimbo hupoa. Ninyi husema, nitadanganya leo, kesho nitarekebisha. Mimi umeniambia ukweli, nikajua. Baba yako umemwambia, akajua. Tumepatana. Mama Jacklyne alikwenda akiamini kwamba mmetuchoka, na huo ni uongo wako. Huyo utamrekebishia wapi?"

Winny alianza kusema tena kwamba amekosa.

"Mimi nimekusamehe, mjukuu wangu, na moyoni mwangu limekwisha," mzee alisema. "Lakini siwezi kukusamehe kwa niaba yake."