Siku Saquina Alipomwaga Maji

Asubuhi Saquina alikuwa akianika pweza uani. Ghafla sufuria zikatetemeka kwenye kichanja. Ardhi ilitikisika kidogo, ikatulia. Muda si mrefu, ujumbe wa sauti ukaingia kwenye simu yake. Mtu asiyemjua alisema: "Wakubwa wa dunia wamejaribu bomu la nyuklia baharini. Maji yote yana sumu. Kimbieni!"

Saquina hakuuliza. Aliutuma ujumbe ule kwa mdogo wake Wahida, kule kijijini Mute. Kisha akamwaga mtungi wa maji, nao ndio wa mwisho. Akalivuta furushi la vyombo. Tangu walipokimbia vita, lilikuwa halijafunguliwa.

"Mama, kiu," alilia binti yake, Zuleica.

"Vumilia. Tunaondoka."

Jirani yao Luzia, mpima mvua wa serikali ambaye wote walimwita dona kwa heshima, akachungulia uani.

"Hodi, Mama Zuleica! Pweza unamwachia nani, paka?"

"Usinitanie, dona Luzia. Wamejaribu bomu."

"Nani kakwambia?"

"Simu."

"Nami nimepiga simu makao ya mkoa, mjini Pemba, kwa wapima matetemeko. Ni tetemeko la ardhi tu."

"Wanajuaje? Bomu nalo hutikisa."

Luzia akaketi mkekani. "Zamani nchi zenye nguvu zilijaribu mabomu hayo visiwani na majangwani. Majivu yenye sumu yakawaangukia watu. Wengine walihamishwa, kama sisi, na hawajarudi hadi leo. Ndipo mataifa yakaandika mkataba wa kupiga marufuku majaribio, popote pale. Msumbiji nayo imo. Kuna mitambo dunia nzima, ardhini, baharini na hewani. Bomu likilipuka, hata chini ya mwamba, inasikia. Na mtikisiko wake si kama wa tetemeko."

"Basi mlango wa majaribio umefungwa?"

"Umerudishwa. Komeo bado, maana nchi kadhaa hazijaridhia mkataba. Tusiache kudai."

Saquina akashika kichwa. "Yaa Allah, Wahida! Ana watoto wanne na mtungi mmoja!"

"Mwambie."

"Mimi? Naona haya kusema kwenye simu."

"Yule mwongo mbona hakuona haya?"

Saquina akabonyeza simu. "Wahida, usimwage maji! Ni tetemeko. Nimemuuliza anayejua."

Luzia akaenda kwake, akarudi na ndoo ya maji. Mwishowe simu ikalia.

"Dada, mtungi nilikuwa nao mikononi. Nimeutua."

Zuleica alitaka kikombe. Siku zote walikunywa kwa kata; vikombe vyote vilikuwa ndani ya furushi. Fundo lilikuwa gumu, la miaka mitatu. Saquina akalishika kwa meno, akalivuta mpaka likalegea.

Zuleica akawa wa kwanza kunywa.