Mpaka wa Masale

Jumatatu ile, jua likiwa utosini, Bi Demetria alikuwa akichagua mchele barazani kwake, juu kidogo ya stendi ya Mbezi Luis. Mchele wa mtu mmoja hauchukui muda, lakini yeye aliuchagua taratibu ili mchana upate kupita. Tangu mumewe Augustine azikwe kwao Kibosho, Kilimanjaro, hata jogoo alimgawa. Hapakuwa na wa kuamshwa.

Mbele yake ulisimama ukuta wa jirani yake, Didas. Zamani pale palikuwa na mstari wa masale, ile mimea ya majani marefu ambayo Wachaga huipanda mpakani. Augustine alileta vipandikizi kutoka kwao, akavipanda kwa mkono wake, Didas mwenyewe akimshikia kamba. Mwezi wa pili baada ya msiba, Didas aliyang'oa yote, akajenga ukuta hatua nane ndani ya kiwanja cha mjane, na nyumba yake akaipanua hadi hapo, juu ya mpaka wa zamani. Kwenye baraza la kata alishika Biblia, akaapa kwamba pale hapajawahi kuota isale.

Baada ya kiapo hicho Sesilia, mwenzake wa jumuiya ya kanisa, alimnong'oneza, "Dada, kuna mganga mmoja mzee Temeke. Siku tatu tu, Didas ataubomoa ukuta wake kwa meno."

"Meno yake mwachie," Demetria alijibu. "Mungu alikuwepo masale yanapandwa. Shahidi huyo hahongeki."

Sasa, ungo ukiwa mapajani, akasikia kitu ng'ambo ya ukuta.

Du. Du. Du. Halafu kikohozi kifupi.

Akauweka ungo chini. Hivyo ndivyo Augustine alivyokuwa akishindilia udongo: kwa kisigino, mara tatu kwa kila mche, kisha akohoe.

Kesho yake, saa ileile, tena. Keshokutwa, tena. Alipaswa kuogopa. Badala yake alianza kuandaa vikombe viwili vya chai.

Jumamosi Didas aligonga geti. Alikuwa amekonda. Mkononi alishika jani la isale lililofungwa fundo. Na kwa Wachaga, anayeomba radhi na jani hilo hakataliwi.

"Shemeji," alinong'ona, "masale yanaota sebuleni. Mstari uleule. Yanapasua sakafu. Nikikata, yanarudi. Leo moja limetokea chini ya kitanda. Nisamehe. Ukuta nitaubomoa mwenyewe."

Du. Du. Du.

Wote wawili waligeuka.

Demetria alilitazama jani. Alijua kwamba akilipokea, kisigino kile kitanyamaza, na baraza litarudi kuwa la mtu mmoja.

"Njoo kesho," alisema.

Jumapili Didas alikuja tena, akapiga magoti kwenye mchanga.

"Kesho, Didas."

Jioni Demetria alichukua rozari, na ndipo alipogundua kwamba tangu Jumatatu hakuwa amesali. Alikuwa akisikiliza tu. Alikuwa amemwomba Bwana haki, na haki ilipofika getini kwake, akaigeuza mali yake. Alilia kidogo, kwa aibu. Kisha akasali, akamwombea na Didas.

Jumatatu mchana alilipokea jani kwa mikono miwili.

"Nimekusamehe. Mwenye kuhukumu ni Mungu, mimi si mwenzake."

Ng'ambo ya ukuta udongo ukashindiliwa.

Du. Du.

Akangoja ya tatu. Haikuja. Wala kikohozi.

Didas aliuvunja ukuta siku ileile, akaweka vijiti mahali pa mpaka wa zamani, hata katikati ya sebule yake. Demetria alikunywa chai yake. Kikombe cha pili alikirudisha kabatini.

Asubuhi alifungua mlango. Mbele ya kizingiti palikuwa na isale changa, limepandwa, udongo ukiwa bado mbichi. Kando yake palikuwa na wayo mmoja tu, wa katambuga ya tairi iliyolika upande wa kulia, kisigino kimezama sana. Katambuga za Augustine zililika hivyo. Ziligawiwa Kibosho, siku ya kuanua tanga.

Wayo ulielekea ndani.